Nani Aitwe Mlangoni?

Anayejiona mwerevu hapa asogee mbele, maana hadithi hii huwanyamazisha wasemaji.

Watu watatu walihamia na kijiji chao kwenye mbuga tupu, nyasi mpaka mbingu inapoinama. Mbuke alikuwa na mikono: akishika udongo, udongo unatii. Lugwisha alikuwa na pua: akinusa upepo, anakwambia ulikolala. Shigela alikuwa na mapafu: akipuliza pembe yake ya tandala, ng'ombe wa ng'ambo ya mto wanageuza shingo.

Wahamiaji wale walikuja na desturi moja, na njiani waliitunza kuliko vyungu. Nyumba ya mkutano hupewa jina la mtu mmoja tu. Kila kikao kikianza, jina lile huitwa mlangoni, na mwenyewe huitika, "Nipo." Akishafariki, watu wote humwitikia, "Yupo." Inaendelea hivyo hata kwa wajukuu ambao hawakumwona. Mbuke hakuwa na mtoto, wala ndugu aliyebaki. Desturi ile ikitajwa tu, aliacha kazi akasikiliza.

Mbugani hapakuwa na miti ya kutosha wala mawe. Basi Mbuke akaikata ardhi yenyewe, pamoja na nyasi na mizizi yake, mabonge mazito kama ndama. Akapanga kuta nene. Akakokota boriti kutoka mtoni, na juu yake akalaza mabonge mengine, hadi likasimama tembe la mikutano, la kuingia kijiji kizima.

"Dada Mbuke," Shigela akamtania, "humo tutaingia kukaa, au tutapandwa kama viazi?"

Mbuke aliendelea kukata. Mgongo ukapinda, na haukunyooka tena.

Kiangazi kikaja. Lugwisha akanusa upepo, asiupende. Akachoma nyasi kuzunguka tembe, mkanda mpana, mweusi, wa aibu. Pale ndipo ndama walipokuwa wakilishwa! Wenye mifugo wakaacha kumsalimia, na mbugani, ambako jirani ni mmoja mmoja, kutosalimiwa ni kuzikwa ukiwa hai. Mkewe alivumilia, akachoka, akachukua watoto akarudi kwao.

Kisha moto ukaja wenyewe. Usifikirie moto wa mafigani, ndugu yangu. Huu ulikuja umesimama, upana wa macho yote mawili, na mbele yake swala na nyoka walikimbia bega kwa bega bila kuangaliana. Moshi ukaumeza mchana. Mama hakuona mtoto aliyemshika mkono.

Shigela akasimama mlangoni pa tembe akapuliza pembe. Watu waliifuata ile sauti kama watu wanaoshika kamba, wakikohoa, wakitambaa, wakiingia. Yeye aliingia wa mwisho, amekwisha kumeza moshi wa kijiji kizima. Tangu siku ile, mapafu yale hata kaa la moto hayakuweza kuliwasha.

Moto ukafika kwenye mkanda, ukakosa cha kula. Ukarusha cheche juu ya paa, na udongo ukazipokea kimya. Ndani, watu walisikia mbuga nzima ikinguruma juu ya vichwa vyao. Mbuke akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi, baridi kama mtungi.

Walipotoka, dunia ilikuwa nyeusi hadi mwisho wake. Mvua ziliponyesha, tembe likachipua, kuta na paa, likawa kilima cha kijani chenye mlango. Watu walipita wakishusha sauti, hata wale waliocheka ule utani wa viazi.

Ikafika siku ya kuipa nyumba jina. Kabula, mama aliyepewa kazi ya kuita, akasimama mlangoni. Kuna aliyetaka yaitwe majina yote matatu. Hata wewe ulikuwa unataka kusema hivyo, nimekuona. Desturi ni jina moja.

"Bila mkanda wangu," Lugwisha akasema, "hizo kuta ni tanuri. Mngeivia humo."

"Na bila pembe," Shigela akanong'ona, maana sauti ilishamwisha, "tanuri lingekuwa tupu."

Mbuke alikuwa amejiapiza atanyamaza. Akashindwa. "Ninyi mna watoto wa kuwataja. Mimi nikifa, nimekufa."

"Wangu walichukuliwa na mama yao," Lugwisha akasema. "Walikwenda wakijua baba yao ni mchoma malisho. Nani atawaambia vingine?"

Shigela akaiweka pembe chini. Alijishika kifua tu, na kila mtu akaelewa kwamba mvua zijazo hatazikuta.

Baraza lote likamgeukia Kabula. Mbuke akarudisha kiganja ukutani, na safari hii akahisi mizizi ikiwa hai ndani yake. Kabula amekwisha kuvuta pumzi, mdomo u wazi, na watu watatu wamejiweka tayari kuitika.

Haya, wewe msemaji uliyesogea mbele: ukipewa mlango huo, ungeita jina la nani?