Jua Alilomwahidi Amparo

Mkono wa pupa huungua chunguni kabla mdomo haujaonja. Kwa hiyo mtoto akiambiwa "ngoja" na mzazi wake, asinune. Eliseo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu zake, na bado yalimfika.

Eliseo alikuwa mpiga picha za harusi mjini Tepic. Siku jua lilipopatwa, mkewe, Amparo, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama yake Eliseo, bibi aliyeitwa doña Eduviges, alimfungia mkwewe chumbani kama ilivyo desturi ya huko, mapazia yameshushwa, amevishwa utepe mwekundu na pini ya chuma tumboni, ili giza lile lisimdhuru mtoto.

"Mama, hata kuchungulia kidogo?" Amparo alibembeleza.

"Uchungulie nini? Mjukuu wangu azaliwe mdomo umepasuka? Tulia hapo!"

Eliseo akambusu mkewe. "Usilie, kipenzi. Nitakuletea jua humu humu ndani. Naapa."

"Ukija mikono mitupu, utalala uani," Amparo akamwambia.

Adhuhuri giza lilipotanda, Eliseo alikuwa uani, jicho limeng'ang'ania kamera kama kupe. Kacha! Kacha! Kacha! Mama yake alikuwa ameketi kitini, amefumba macho tangu mwanzo. Alingoja mpaka jua likafunikwa lote, ndipo akatazama.

"Eliseo, inua uso uone, mwanangu!"

"Nitaliona kwenye picha, Mama!"

Mwanga uliporudi, Eliseo alikimbilia chumba chake cha kusafishia picha. Gizani aliviringisha filamu ndani ya kopo, akalifunga, akamimina dawa ya kuibua picha, kisha akaimwaga. Ikabaki dawa ya kukazia, ambayo bila hiyo filamu ikiguswa na mwanga huwa nyeusi yote.

"Bado?" Amparo aliita kupitia ukutani.

"Bado kidogo!"

"Njoo ule kwanza, mikate ya tortilla inapoa," mama yake alisema akigonga mlango. "Unahema kama umefukuzwa na fahali. Utakuja kuharibu."

Lakini moyo wa Eliseo ulikuwa ukidunda kama ngoma. Nitachungulia ncha tu, alijiambia. Akawasha taa, akafungua kopo. Filamu ilikuwa nyeupe kama maziwa, na ndani yake viduara vimepangana kama shanga. Lo, alivyofurahi! Mara ule weupe ukaanza kuchafuka, ukawa kijivu, ukawa mweusi kama masizi. Akamimina dawa ya kukazia upesi. Alichokikaza kilikuwa giza tupu.

Aliingia chumbani kichwa chini. Amparo aliichukua filamu, akaiinua kwenye taa, akaigeuza huku na huku. Machozi yakamlengalenga.

"Basi nisimulie. Lilikuwaje?"

Eliseo alikuna ndevu zake. "Lilikuwa... dogo."

"Dogo? Jua?"

"Muulize vizuri," doña Eduviges akacheka, akaketi kitandani na kumshika mkwewe mkono. "Sogea, mwanangu, nikusimulie mimi. Lilikuwa jeusi tii, na nywele nyeupe zimetimka pande zote, kama bikizee aliyetoka kuoga! Nyota zikatoka mchana. Kuku wakapanda kulala, na jirani yetu akapiga magoti juu ya mbigili. Huyu mumeo peke yake ndiye hakuona kitu."

Amparo alicheka machozi yakiwa bado mashavuni, akasema, "Endelea, Mama." Eliseo akajikunyata miguuni pao, akisikiliza kama mtu anayesimuliwa karamu iliyoliwa nyumbani kwake mwenyewe. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.