Kosa Ambalo Mwewe Hakuliona

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Zipo kazi ambazo mtu, hata awe hodari namna gani, haziwezi peke yake. Msahihishaji mmoja, aliyebandikwa jina la Mwewe kwa ukali wa macho yake, aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila alidhani inawahusu wengine.

Marehemu baba yake aliandika kitabu cha hadithi. Nakala pekee iliyosalia ilikuwa ya mama, nayo ilimeguka kila ilipofunguliwa. Mwewe akaipitisha kwenye skana, kompyuta ikayatambua maandishi, akajifungia chumbani kuyasahihisha.

"Kaka, nikusaidie," dada yake alisema mlangoni.

"Kitabu nilichokikariri nikiwa nimepakatwa na baba? Wewe tuchemshie chai tu!"

Kumbe kukariri ndiko kulikomponza. Macho yaliteleza juu ya maneno, moyo ukajisomea ulichokijua. Mpiga chapa alipoleta kurasa za majaribio, mama alivaa miwani upesi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu, ambao mumewe alimwandikia yeye. Akausoma kwa sauti.

"'Kwa marna wa watoto wangu.' Haya, wanangu, huyu Marna ni nani? Baba yenu aliniolea mke mwenza?"

Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Mwewe alitamani ardhi ipasuke immeze. Mashine ilikuwa imeipasua herufi m vipande viwili, ikawa r na n, naye akapita bila kuona. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kosa liliangukia zawadi ya mama.

"Dada yangu, nisaidie," akasema kinyonge.

"Chai bado haijachemka," dada akajibu, huku akivuta kiti.

Dada alisoma kwa sauti kila kilichokuwa kwenye kompyuta, bila kurekebisha chochote. Mwewe alifuatisha kwa kidole katika nakala kuukuu.

"Sungura akapanda ki-moja-ima."

"Kilima! Mashine imeweka tarakimu mahali pa herufi l!"

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka, akasogeza kiti chake asipitwe na uhondo. Kazi iliyomshinda Mwewe ikawa furaha ya nyumba nzima.

Kitabu kipya kilipofika, mama alifungua ukurasa wa kwanza. "Kwa mama wa watoto wangu," akasoma polepole. "Ndimi huyo." Akakikumbatia kifuani.

Mwewe alimtazama dada yake, akanyanyua kidole kimoja. Dada akanyanyua chake, akakiweka kando ya kile cha kaka yake. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.