Kokwa za Mti Mtamu

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Anayeutupa mbacha wake kwa kuutamani msala mzuri wa mpita njia, usiku humkuta hana pa kulala. Didar wa bonde la Hunza, kule kwenye milima ya theluji, alilijua hilo mkewe, Mehrnigar, alipokuwa na kichanga mikononi na maziwa yakaanza kukatika.

Didar alikuwa mume mwenye huruma, ila alipenda mno vya dukani. Alishuka mjini Gilgit akarudi na makatoni ya nekta ya aprikoti, juisi nzito yenye sukari.

"Kunywa, mke wangu. Hii ndiyo nguvu ya tunda lenyewe!"

Mama yake, Zarbanu, akakunja uso. "Huo ni utamu na maji, mwanangu. Mzazi anataka viini vya kokwa za aprikoti. Vina mafuta, vinashika mwili."

"Mama nawe! Kokwa ni kuni tu."

Na kweli, theluji ilipozidi, kati ya magunia mawili ya kokwa alichukua lililokuwa karibu na mlango, akalimalizia lote jikoni. Moto uliwaka vizuri ajabu.

Mehrnigar akawa mtu wa nekta, asubuhi hadi jioni. Ule utamu ulimkata hamu ya chakula, hata mkate akaurudisha. Akanyong'onyea. Mtoto alinyonya, akalia kwa hasira, kisha akawa analia kwa sauti ndogo ya mtu aliyekata tamaa. Kilio hicho cha pili kilimvunja Didar moyo.

"Mama, nitwangie vile viini vya kokwa."

Zarbanu akavunja kokwa moja ya gunia lililobaki, akakigusa kiini kwa ncha ya ulimi, akatema. Kule kokwa za kila mti huonjwa kabla ya kutwangwa, maana viini vichungu ni sumu.

"Hizi ni za mti wa ukutani, chungu kama shubiri. Za mti mtamu ndizo ulizochoma, baba. Hukuonja?"

Didar akatoka nje. Akaikanyaga theluji hadi kwa jirani yao Gulchin, mwanamke ambaye Didar alizoea kumtania kwa kumwita panya wa kokwa, kwa jinsi alivyozihifadhi.

"Karibu, bwana nekta! Umefuata kuni?"

"Dada Gulchin, utanicheka baadaye. Mwanangu hapati maziwa."

Mzaha ukamtoka mwanamke yule. Akajaza bakuli, akaongeza na la pili. "Nimezionja mwenyewe. Kimbia."

Zarbanu akatwanga, akapika na unga. Mehrnigar akala kijiko kimoja kwa shida, cha pili kwa subira, kesho yake akaomba mwenyewe. Rangi ikamrudia, na maziwa yakafuata. Didar alipomsikia mtoto akimeza mafunda makubwa makubwa, alilia bila kujificha.

Mavuno yaliyofuata, Gulchin alimkuta Didar juu ya paa la nyumba akianika kokwa, anaonja na kutema.

"Bwana nekta, unaanika kuni?"

"Naanika chakula cha mwanangu, dada."

Kweli wahenga hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.