Kituo Kilichorukwa

Wapendwa, somo mmelisikia, na mzee wetu amelisoma vizuri kuliko ambavyo ningelisoma mimi na kikohozi changu hiki. Kwa hiyo fungeni vitabu. Leo nataka tusafiri kidogo. Walioacha maharage jikoni watulie, hatutachelewa sana.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa reli. Alianza kazi akiwa kijana wa kushika taa ya ishara, akapanda taratibu mpaka akawa stesheni masta, na alipostaafu akajenga nyumba mahali ambapo honi ya treni inasikika vizuri kutoka barazani. Alikuwa na mke wake, mama mpole, mwenye magoti mabovu. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi mpaka wakaanza kufanana sura. Siku moja yule bwana akamwambia mkewe kwamba maisha yake yote amekuwa akiaga wasafiri, sasa na yeye anataka aagwe. Watakwenda mapumziko, wao wawili tu, nchi ya mbali, kubwa, ambayo mtu anaweza kuzunguka mji baada ya mji asiimalize.

Nchi gani? Akatoa ile ramani yake ya zamani ya dunia, akaitandaza mezani. Kidole kikaanza kutembea. Kikapita India. Kikapita Brazili. Kikakaa kidogo juu ya China, kikaondoka. Kikaja kutua Kanada.

Mke aliinuka kwenda kuchemsha chai. Huko jikoni akatia chumvi badala ya sukari. Maana wote wawili walijua ni nani anayeishi Kanada.

Binti yao wa kwanza, Nyamizi, ndiye aliyekuwa kule, katika mji unaoitwa Winnipeg, katikati kabisa ya nchi ile. Alikwenda kusoma uuguzi, akaolewa hukohuko. Posa haikuletwa, wajomba hawakuketi, baba hakuulizwa. Habari za ndoa ya mwanawe baba alizipata kwa kinyozi. Jirani aliingia, akampa mkono wa hongera, naye amekaa pale na kichwa kimenyolewa nusu. Mnacheka, lakini fikirini ni wewe. Aibu ile ilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Akarudi nyumbani akatangaza kwamba aliyejiozesha mwenyewe na ajizae mwenyewe, na kwamba namba yake ya simu ameifuta.

Binti akapiga, hakupokelewa. Akatuma watu wazima kumwombea radhi, wakanyweshwa chai, wakarudi bila jibu. Akajifungua mtoto wa kiume, akampa jina la babu yake, na babu hata hakuuliza kama mtoto anatambaa. Mama alikuwa akizungumza na binti kwa siri, nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Na jambo moja tu alikuwa analiomba kwa Mungu: amshike mjukuu yule mikononi kabla magoti hayajakataa kabisa kupanda ngazi za ndege.

Basi wakaanza kuipanga safari. Na nataka niwaambie, ndugu zangu, ile mipango ilikuwa mitamu. Kila alasiri, jua likishalegea, walikaa barazani na ramani yao katikati. Mzee anafumba macho, anatangaza vituo kwa ile sauti yake ya kazini, na mama anasema anachokiona. Wakaanzia Halifax, kwenye bahari ya mashariki. Mama akaona ukungu, na mnara wa taa, na wanawake wamevaa makoti mazito wakinunua samaki. Wakaenda Montreal, mama akasikia kengele za makanisa na harufu ya mikate ya asubuhi. Wakafika kwenye maporomoko ya Niagara, na hapo walikuwa wanapaza sauti ili wasikizane, wazee wawili, kwenye baraza lao kavu, na kuku wanawashangaa.

Kutoka Toronto, mzee anafumbua macho na kusema kwamba hapa wanaruka. Wanapanda ndege mpaka kwenye milima ya magharibi, wakaone theluji isiyoyeyuka, kisha washuke hadi Vancouver kwenye bahari ile nyingine. Ni hicho kipande tu. Safari nzima ni ya reli, isipokuwa hapo katikati.

Mke alijaribu kuuliza. Kwa nini mtu wa reli, aliyepewa nchi nzima yenye reli kutoka bahari mpaka bahari, aende kupanda ndege? Akajibiwa kwamba pale katikati hakuna cha kuona, ni ngano tupu na baridi. Lakini mama alikuwa amekaa na stesheni masta miaka yote hiyo, na kusoma ramani ya reli anajua. Treni ile ya kwenda magharibi inapita Winnipeg, na ikifika inasimama, abiria wanashuka kunyoosha miguu.

Mnaliona jambo hili? Mtu anachagua, katika dunia nzima, nchi ambayo mwanawe anaishi. Halafu anakaa chini kwa uangalifu mkubwa kupanga namna ya kutokufika kwake. Kama alikuwa hamtaki, si angekwenda India? Na kama alikuwa anamtaka, si angepanda treni? Sisi wanadamu, jamani, tuna kazi.

Mama akampigia binti, akamwambia habari za safari. Binti akauliza kama watapita kwake. Mama akasema baba yako bado anaruka. Mama akasikia mtoto akicheza karibu na simu. Kisha binti akasema sawa, mama, msafiri salama.

Ikafika siku ya mwisho. Kesho yake walitakiwa kwenda kwa wakala kulipia tiketi, na zikishalipiwa hazibadiliki. Alasiri hiyo mvua ilinyesha kubwa, ikawafukuza barazani, wakakaa sebuleni, bati linapiga kelele juu yao. Mama akamwambia mumewe:

"Baba Nyamizi, kesho tunalipia ndege, na mimi sibishi tena. Ila leo nipandishe ile treni. Kwa kuota tu. Kuota hakuna tiketi."

Mzee akacheka. Kwa kuota, akaona hakuna hatari. Wakaegemea viti, wakafumba macho.

Treni ikatoka Toronto. Mzee akaiongoza taratibu. Akapita misitu ya miti myeusi iliyonyooka, akapita maziwa, ziwa likiisha linakuja lingine, na mengine yana kisiwa kidogo chenye mti mmoja. Mama akasema anaona mnyama mwenye pembe pana amesimama majini mpaka magotini. Wakanywa chai ndani ya behewa. Misitu ikapungua, nchi ikafunguka, ikawa tambarare, mbingu imekaa juu yake yote bila kushikiliwa na kilima hata kimoja. Wote wawili walikuwa na furaha. Sauti ya mzee ikaanza kupungua mwendo, kama ifanyavyo treni inapoingia kituoni, na akalitaja jina la mji.

Mama alijua atakachosema mzee baadaye: kwamba tusishuke, tubaki kwenye viti vyetu. Lakini mzee hakusema hivyo. Alishuka.

Akasema unatoka kwenye mlango mkubwa wa stesheni, unavuka barabara. Unasubiri basi kwenye kibanda cha vioo, na kioo kimoja kimepasuka kwenye pembe. Basi linavuka daraja, na mto chini yake umeganda, watoto wanateleza juu yake na skafu shingoni. Unashuka penye duka la mikate. Unageuka kushoto, unatembea kidogo, kuna nyumba ya mlango wa kijani. Pembeni ya mlango kuna beleshi la kuzolea theluji, na buti ndogo nyekundu za mtoto, moja imesimama, moja imelala.

Akaishia hapo mlangoni. Mvua inaendelea. Mama alikuwa amefumbua macho muda mrefu, anamtazama mumewe ambaye bado ameyafumba.

"Baba Nyamizi," akamwambia, "hizo buti umeziona wapi?"

Mzee akakosa pa kutokea. Yeye hajawahi kufika mji ule, na mkewe hajawahi kumsimulia. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo mke hakuwahi kuisikia tangu waoane, kwamba namba ya binti hakuifuta. Kila asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, anafungua simu na kutazama picha ambazo binti ameziweka kwenye status yake. Anazitazama mpaka zinaisha. Kisha anainuka, anakwenda kupiga mswaki.

"Huwa nachungulia tu," akasema. "Yeye mwenyewe hajui."

Ndugu zangu, ninyi vijana mnaotabasamu hapo kwenye kwaya mmeshaelewa. Lakini mzee huyu simu aliijua ukubwani. Alidhani kuchungulia ni kuchungulia. Mkewe akamshika mkono.

"Anajua," akasema. "Mwenye picha huwa anaona majina ya wote waliotazama. Jina lako analiona kila siku, tangu mwanzo."

Kisha akamweleza yote. Zamani binti alikuwa anaweka picha kama watu wengine, keki za watoto, sare za kazini. Alipoona baba yake anapita pale kila asubuhi bila kusema neno, akabadilika. Siku moja akaweka picha ya mlango wa stesheni. Siku nyingine kibanda cha basi. Siku nyingine daraja. Marafiki zake walikuwa wanamuuliza ana nini siku hizi, mbona anapiga picha vibanda vya basi? Naye hakuwa anawawekea wao. Alikuwa anamwelekeza mtu mmoja njia. Na binti alimkataza mama yake kabisa asiseme, kwa sababu aliogopa baba akijua ataona haya, ataacha kutazama.

"Picha ya leo ni ya mlango," mama akasema. "Hapo ndipo mwisho. Hana nyingine ya kuweka."

Mzee akafumbua macho. Mvua ikapungua mpaka wakasikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati. Halafu akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa ndani yake miaka yote ile, chini ya ule mfupa.

"Nikifika pale mlangoni, nitasema nini?"

"Utasema hodi," mkewe akajibu.

Yule bwana akafumba macho tena. Akarudi kwenye ule mlango wa kijani, na pale pale kwenye kiti chake akasema hodi, taratibu. Mama hakumwitikia. Si yeye aliyekuwa anabishiwa hodi.

Mnataka niwaambie kama walipanda treni. Sitawaambia. Nimewaleta mpaka hapo makusudi, kwa sababu kuanzia hapo habari hii si ya wazee wale tena, ni ya kwetu.

Sisi tuliokaa humu ndani, tunazunguka nini? Wewe mama, unakwenda sokoni kwa njia ya mbali, jua kali, kwa sababu njia ya karibu inapita kwa dada yako. Wewe kaka, ulisema mdogo wako kwako ameshakufa, lakini ukipita karibu na gereji yake unageuza shingo uone kama taa inawaka. Umesema umefuta namba. Hukufuta. Unajua mpaka rangi ya pazia lake jipya. Mtu usiyemtaka unajuaje pazia lake?

Na tunadhani hawajui. Wanajua. Wamekuona. Huenda yule unayemkwepa ameshakuonyesha njia kipande kwa kipande, akakusalimia msibani, akamtuma mtoto wake kwako na mahindi mabichi, na wewe ukayachemsha ukala, ukaendelea kununa.

Nitasema na neno moja gumu zaidi, mnisamehe. Wapo humu wanaofanya hivyo kwa Mungu. Wanakaa benchi la nyuma karibu na mlango, wanachungulia, wanaondoka kabla ya baraka, wanaona kwamba hakuna aliyewatambua. Ndugu yangu wa benchi la nyuma, jina lako limeonekana. Tangu siku ya kwanza limeonekana, na hakuna aliyekukasirikia. Ulikuwa unaonyeshwa njia.

Sasa fanyeni jambo ambalo mchungaji wenu hajawahi kuwaruhusu. Toeni simu zenu, humu humu kanisani. Litafuteni lile jina, mnalijua. Msiandike maelezo, msianze kueleza nani alimkosea nani kwanza, hayo yatakuja na chai. Andika neno moja tu, hodi, ulitume. Mimi nitafumba macho hapa mbele ili nisione ni nani anayelia, na kwaya isianze kuimba mpaka nisikie simu ya mtu imelia, hodi yake imeitikiwa.