Harufu Nyumbani kwa Bi Atika

Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba katika mji wa Kufa palikuwa na mwanamke mcha Mungu, jina lake Atika binti Salim, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila Ijumaa baada ya Alasiri wanawake wa mtaa walijaa ukumbini kwake kusikiliza darsa. Yeye hufukiza udi kabla hawajafika, kwani alisema nyumba inamotajwa jina la Mola haifai kunuka.

Mwaka mmoja, baada ya Idi ya kuchinja, ukumbi ule ukaanza kutoa harufu mbaya. Udi ukaongezwa, harufu ikaushinda udi. Wanawake wakawa wanaziba pua kwa ncha za shungi zao, na macho yote yakamgeukia Lubaba, bibi mjane aliyeishi kwa kudabighi ngozi mbichi za wanyama ziwe laini. Ngozi zina harufu yake, nani asiyelijua hilo? Bi Atika naye akaona hivyo hivyo. Kwa sauti laini, lakini mbele ya wote, akamwomba bibi yule apumzike nyumbani kwa muda. Lubaba akaelewa, akainama akachukua viatu vyake, akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata Lubaba hayupo, na harufu imezidi.

Hapo Bi Atika akaingiwa na wasiwasi. Yeye na mdogo wake Umaima wakakunja mikeka, wakasogeza mitungi ya maji, wakapanda darini kutazama kama kuna njiwa aliyekufa. Hawakuona kitu. Mwisho wakapekua chini ya ngazi ya ukumbini, wakavuta nje chungu kilichofungwa kwa kitambaa. Bi Atika alipokifungua, akakumbuka.

Ilikuwa nyama ya udhiya. Siku ya Idi aliigawa mafungu matatu kama ilivyo ada: la nyumbani, la jamaa na la maskini. La maskini alinuia kumpelekea Lubaba. Wageni wakaingia, akalisukuma chini ya ngazi akisema atalipeleka kesho. Kesho ikawa na shughuli zake, kesho kutwa ikaja na wageni wengine, hata akasahau kabisa. Na kila Ijumaa bibi wa watu alikaa karibu na fungu lake mwenyewe, akisomewa fadhila za sadaka.

Umaima akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tukifukie uani. Tuseme panya alifia darini. Nani atauliza?"

Ushauri ule ulikuwa mtamu, na tuseme kweli, Bi Atika aliuonja. Sifa yake ilikuwa njema mji mzima, na chungu kimoja kingetosha kuimaliza. Kisha akamkumbuka yule bibi akiinama kuchukua viatu. Chungu wakakifukia, ila yeye akajitanda shungi, akaenda kwa Lubaba akamweleza yote huku akilia.

Lubaba akaitazama mikono yake.

"Mwanangu," akasema, "tangu siku ile naoga, najinusa mikono, naoga tena. Hata msikitini nimeona haya kwenda."

Bi Atika akamwomba radhi kwa ajili ya Mungu.

"Nyama nimekusamehe," akajibu Lubaba. "Lakini mimi uliniondoa mbele ya watu. Nirudishe mbele ya watu."

Ijumaa Bi Atika alimketisha Lubaba ubavuni pake, akawaeleza wanawake habari ya chungu tangu mwanzo hadi mwisho, asijitafutie udhuru. Wapo waliotoka siku ile wasirudi tena darsani, naye hakuwalaumu.

Ndugu zangu, Bi Atika alikwisha kumlilia Mola wake faraghani, na Mola ni Mwingi wa kusamehe. Lakini heshima ya Lubaba ilikuwa bado mikononi mwake, na haki ya mja hairudi mpaka irudishwe kwa mwenyewe. Mwenyezi Mungu atusitirie aibu zetu, wala asituache tukajisitiri kwa heshima za wenzetu.