Kamba Aliyoitafuna Fisi

Mwaka ule jua liliamua kuwakomesha wanyama. Majani yalikauka, njaa ikabisha hodi kila nyumba. Kisiwani tu, katikati ya ziwa, maboga yalikuwa yameiva. Simba, kwa kuwa ni mfalme na hapendi kulowa manyoya, akatangaza: "Sungura na Fisi wana mitumbwi. Waende wakayalete, tugawane sawa."

Sawa! Neno hilo lilimchoma Fisi tumboni. Nyumbani alikuwa na mke na watoto watatu wenye njaa, na zaidi ya wote alikuwa na yeye mwenyewe.

"Tuifunge mitumbwi yetu ubavu kwa ubavu," akamwambia Sungura. "Tulaze miti juu, tukaze kwa kamba."

"Ya nini, kaka? Kila mmoja na wake tutapenya matete upesi. Hiyo ya kufungwa itakwama."

"Na mtumbwi mmoja je? Ukipiga chafya tu, umepinduka! Miwili haitikisiki, hata ngoma utacheza humo."

Sungura akamtazama. Fisi kumhurumia mwenzake? Makubwa haya! "Haya, tufunge," akasema.

Kwenye matete walikwama kweli, wakasukuma hadi jasho likawatoka. Lakini ziwani chombo kilitulia kama kitanda. Kisiwani Fisi akachuma kama mwenye wazimu.

"Pakia yote upande wangu," akasema kwa sauti ya upole. "Wewe mdogo, usije ukachoka."

"Asante kwa huruma, kaka," Sungura akajibu, akayarundika mpaka Fisi hakuonekana tena.

Wakati wa kurudi, huko nyuma ya rundo, Fisi akaanza kutafuna kamba huku moyo ukimdunda kwa furaha. Atayaficha maboga yote pangoni, amwambie Simba kwamba mawimbi yameyachukua. Kamba ya mwisho ikakatika.

"Kwaheri, mpenda mtumbwi mmoja!" akacheka. "Huo hapo, ufaidi!"

"Na wewe, kaka, umebaki na mingapi?"

Fisi akafungua mdomo ajibu. Mtumbwi ukalala kushoto, ukalala kulia, na hata chafya hajapiga, chubwi! Fisi na maboga yake yote majini.

Bahati nzuri boga huelea. Sungura akayaokota taratibu, akayalaza chini kabisa ndani ya mtumbwi wake, machache machache, akaenda ufukweni na kurudi. Fisi alikuwa amekumbatia boga moja, meno ameyazamisha humo kwa woga.

"Sungura, ndugu yangu! Tuifunge tena!"

"Kwa kamba ipi, kaka?"

Ufukweni, Fisi alikofika akielea na boga lake, Simba akagawa, kila nyumba boga moja. Zamu ya Fisi ilipofika, akamtazama alivyolowa na kusema, "Wewe lako unalo tayari."

Mke wa Fisi akalipokea, akaligeuzageuza, watoto watatu wakichungulia. "Baba watoto, mbona hili umeshaanza kulila?"

 Fisi aliona aibu, maana sasa alijua kwamba rundo lake lote lilikuwa limesimama kwa sababu ya mtumbwi wa Sungura, na kamba alikuwa ameikata kwa meno yake mwenyewe.