Nzuri Isiyo na Ila

Hapo zamani za kale, wala si kale sana, maana spika na mihuri vilikuwa vimeshaingia, palikuwa na bonde liitwalo Mkwajuni, na wanyama wa huko waliishi kama tunavyoishi sisi, kila mmoja na nyumba yake, chungu chake na maneno yake. Sogeeni mbele kidogo, msije mkasema baadaye hamkusikia.

Juu ya mkwaju mmoja aliishi Bi Kindi pamoja na mama yake mzazi, ajuza wa macho mazito na miguu isiyopanda tena wala kushuka. Bi Kindi alikuwa mdogo wa mwili, lakini ulimi wake haukuwa na mlango. Kizuri alikisema, kibaya alikisema, na vyote viwili alivisema kwa sauti ileile. Ukimpa tunda atakushukuru mpaka uone haya, kisha atakwambia tunda lako lina mchanga.

Ukimwuliza habari za asubuhi, alijibu kama bonde zima lilivyozoea kujibu. "Nzuri, nashukuru. Ila mama mguu unamsumbua." Au, "Nzuri kabisa, ila paa limeezuliwa na upepo." Nanyi mnajua ndivyo watu wenye adabu wanavyojibu. Hata aliyefiwa huanza na nzuri, halafu ila ikafuata, na msiba ukaja nyuma yake taratibu.

Sasa mkuu wa bonde alikuwa Mzee Tembo. Siku moja alialikwa ng'ambo ya mlima, akakaa huko wiki mbili akila na kutembezwa. Aliporudi, alirudi na maendeleo.

Maendeleo ya kwanza yalikuwa geti, kwenye njia ya kwenda kisimani. Nyati aliwekwa pale na daftari, na kila aendaye kuchota maji ilibidi aandikwe jina, atokako, aendako, shughuli inayompeleka na namba ya simu. Bonde lile lilikuwa na kisima kimoja na njia moja, lakini aendako uliandikwa vilevile. Mwenye simu hakuwapo hata mmoja, kwa hiyo Nyati aliwaambia waandike namba ya jirani.

Maendeleo ya pili yalikuwa muhuri. Ukishaandikwa na Nyati unakwenda dirishani kwa Kiboko, akugongee karatasi. Na ya tatu ilikuwa spika, aliyokabidhiwa Fisi atoe matangazo. Fisi hakuwa na matangazo mengi, basi kutwa alikuwa akiijaribu. "Haloo, haloo. Moja mbili. Moja mbili tena." Kwa maoni yangu, hakuna kilichoharibu asubuhi za walimwengu kama hiyo moja mbili, lakini tuyaache.

Zamani Bi Kindi alikuwa akichota maji na kurudi kabla uji haujapoa. Sasa aliondoka alfajiri na kurudi adhuhuri, akamkuta mama yake midomo imekauka.

Manung'uniko yakazidi. Mzee Tembo akayasikia, akaita baraza na kusema kwamba amechoka. Kule ng'ambo, alisema, aliwauliza watu habari tangu asubuhi hadi jioni, wote wakamjibu nzuri, basi, hakusikia ila hata moja. Hilo ndilo bonde lililoendelea. Masikini, hakujua kuwa wale walimjibu hivyo kwa sababu alikuwa mgeni, na mgeni hamwagiwi shida za nyumba. Akapiga mguu chini, puu! Tangu leo, akiulizwa mtu habari ajibu nzuri na kunyamaza. Atakayeongeza ila, siku saba hatagusa maji ya kisima, na atakayemchotea naye siku saba.

Kesho yake Bi Kindi alifika getini na kibuyu chake. Nyati, bila kuinua macho, akamwuliza habari za nyumbani.

"Nzuri, kaka, nashukuru," akasema Bi Kindi, na ulimi ukaendelea wenyewe kama ulivyozoea. "Ila mama ana homa, naomba uniandike upesi."

Kalamu ya Nyati ikasimama. Nyati hakuwa mkatili, na jambo lenyewe lilimwuma, lakini sheria ilisomwa kwenye spika jana yake tu. Akamwandika Bi Kindi kwenye ukurasa wa nyuma na kumwambia arudi baada ya siku saba.

Bi Kindi akarudi nyumbani na kibuyu kitupu. Siku ile na ya pili yake alikusanya umande kwenye majani akamwekea mama yake kinywani tone moja moja. Majirani walipita chini ya mkwaju wakitazama pembeni, maana kila mmoja alikuwa na watoto wa kunywesha. Siku ya tatu mama yake hakuomba tena maji. Hilo ndilo lililomtisha Bi Kindi kuliko homa yenyewe. Akajua siku saba hazifiki.

Akakaa akafikiri. Kumpiga Tembo hawezi. Kumlilia ni kusema ila. Akakumbuka kwamba Tembo mwenyewe hajawahi kupita getini hata mara moja, kwa sababu maji yake hupelekewa nyumbani na Nyumbu wawili, mitungi kumi na miwili kila asubuhi. Bi Kindi akafuta machozi, akalainisha mkia wake, akaenda barazani. Kisimani alikatazwa, lakini barazani hakuna aliyemkataza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Habari zako, Kindi?" akauliza Tembo, masikio yakiwa yamesimama kusubiri ile ila.

"Nzuri," akajibu Bi Kindi, akanyamaza.

Tembo akasubiri. Hakuna kitu. Akafurahi mno, akawageukia wenzake na kusema mnaona, hata huyu amejifunza. Akamwuliza analionaje geti.

"Geti ni zuri, na daftari ndilo zuri zaidi. Kule ng'ambo nasikia Mzee Kifaru ameandikwa mwenyewe kwa vyeo vyake vyote, na mgeni akija anafunguliwa daftari aone. Nimejiuliza tu, letu mgeni akilifungua ataona nini?"

Kifaru wa ng'ambo, nawaambieni ukweli, hakuwa ameandikwa kwenye daftari lolote. Bi Kindi aliyatunga hayo palepale. Lakini Tembo alikwishaagiza daftari liletwe, na Nyati akafungua ukurasa wa kwanza. Jina la juu kabisa lilikuwa la Mjusi. Wakapekua mpaka mwisho, wakamkuta Mjusi mara arobaini na Tembo hakuna popote.

"Basi mgeni atasema mkubwa wa bonde hili ni Mjusi," akasema Bi Kindi kwa upole.

Tembo akavimba. Akatangaza kwamba kesho atapita getini mwenyewe, ataandikwa ukurasa mpya, na Fisi atangaze hatua kwa hatua ili bonde zima lisikie. Bi Kindi akapiga makofi, akaongeza jambo dogo tu: kwa kuwa kwenye daftari ataandika anakwenda kunywa maji, haingefaa awe ameshakunywa nyumbani, daftari la mkuu lisije likawa na uongo. Tembo akasema hilo ni wazo la maana sana. Nyumbu wakapewa likizo.

Kesho yake Tembo alifika saa moja asubuhi, amejipaka matope mapya, na bonde zima limejipanga njiani. Nyati akaanza kuandika. Mtukufu, Mkuu, Mlinzi wa Mkwajuni, Baba wa Kisima. Kwato si vidole, watoto, na herufi moja ilichukua muda wa kumenya muhogo. Alipofika kwenye neno Mlinzi nafasi ikaisha. Akalifuta, akaanza ukurasa mwingine kwa herufi ndogo. Jua likapanda. Ilipofika namba ya simu wakabishana jirani wa mkuu ni nani.

Saa tano Tembo akafika dirishani. Kiboko alikuwa amelala ndani ya tope lake, kichwa chini, kelele za spika amezizoea hata hazisikii tena, na tangu apewe kazi ile hakuwa amewahi kuinua uso kumtazama aliyesimama mbele yake.

"Mwenye muhuri yuko kikaoni," akasema Kiboko.

"Mwenye muhuri si wewe?"

"Ni mimi. Niko kikaoni. Njoo kesho."

Bi Kindi alikuwa juu ya mti karibu na geti, amekumbatia kibuyu kitupu. Kama Tembo angecheka tu na kupita, basi mama yake amekwisha.

Lakini Tembo hangeweza kupita. Sheria ilikuwa yake, na Fisi alikuwa nyuma yake na spika, akilieleza bonde zima kila hatua. Akasimama juani. Saa sita. Saa saba. Mkonga ukakauka mpaka ukawa unatoa sauti ya kukwaruza, kwaru kwaru. Kisima kilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, na maji yake yalisikika yakichuruzika.

Fisi, kwa kukosa la kutangaza, akamsogezea mkuu spika mdomoni. "Mkuu, habari za foleni?"

Wote wakaacha hata kujikuna.

"Nzuri," akasema Tembo, na sauti yake ikazunguka bonde. Akafumba mdomo. Akaufumba kwa nguvu zote, mashavu yakatetemeka. Kisha neno likamponyoka.

"Ila nakufa kwa kiu!"

Ila, ila, ila, likajibu bonde. Fisi akaiangusha spika, ikalia kwiii na kunyamaza, na sijui kama imewahi kunyamaza vizuri kama siku ile.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bi Kindi akateremka mtini, akasimama mbele ya miguu ya Tembo, kila mguu mkubwa kuliko nyumba yake.

"Mzee, umesema ila. Ni siku saba."

"Najua nilichosema."

"Sheria ni yako. Wewe unaweza kuiondoa, sisi hatuwezi. Mimi leo ni siku ya nne, na mama yangu jana hakuomba maji."

Tembo akaanza kuelewa ni nani aliyemleta pale, na kwa nini. Angeweza kumkanyaga. Lakini koo lilikuwa linamuunguza, na alikuwa amejua kwa mara ya kwanza jinsi maji yanavyosikika ukiwa umezuiwa kuyafikia.

"Sema ila yako," akamwambia. "Yote."

"Geti lako halimzuii mwizi, linamzuia mwenye kiu. Kiboko amesahau sura zetu. Spika yako inapiga kelele hata sisikii mama akiniita, na sauti yake sasa ni ndogo. Na hiyo nzuri unayotulazimisha haina ladha, Mzee, ni kama mchuzi usiotiwa chumvi. Hayo ndiyo." Bi Kindi akavuta pumzi. "Na kuna jingine. Mwaka wa ukame, kisima hiki ulikichimba wewe kwa meno yako. Nilikuwa mdogo sana, mama akanibeba mgongoni, tukanywa. Wewe ulikuwa umelala pembeni huwezi hata kusimama. Nimekushukuru kila nilipochota tangu siku ile. Siku ile hukumwamuru mtu aseme nzuri, na wote tulisema."

Tembo akauzungusha mkonga kwenye nguzo ya geti, akaing'oa. Puu! Akaing'oa na ya pili. Kiboko aliposikia kishindo akainua kichwa kwa mara ya kwanza, akamwona aliyemwambia aje kesho, akazama topeni mpaka puani. Siku ile wanyama walikwenda kisimani bila kuandikwa, na Tembo akanywa wa mwisho, baada ya Mjusi.

Bi Kindi hakuyaona hayo. Alikuwa amekwisha kujaza kibuyu na kukimbia. Akamwegemeza mama yake begani, akamwekea maji mdomoni. Tone la kwanza likamwagika shavuni. La pili likaingia. Bi Kindi akasubiri, hapumui, mpaka koo la mama yake likacheza, gluk, kisha tena, gluk, na ile mikono mikavu ikainuka yenyewe kushika kibuyu.

Mama akanywa mpaka nusu. Akafumbua macho.

"Maji haya yana tope," akasema.

Bi Kindi akacheka huku analia, maana hakuna kauli iliyowahi kumfurahisha kiasi kile. Akamwambia ni kweli, mama, yana tope, wamekanyaga wengi leo.

"Asante, mwanangu," akasema mama. "Nipe tena."

Nami hadithi yangu naitua hapo, aliyeipenda aibebe: shukrani ya kweli hutoka kwa aliyeachwa huru kulalamika.